Lita Sita za Maziwa

Jumatatu, 3 Machi

Sahani arobaini za samaki zimetoka jikoni mwa kiwanda chetu cha nguo, thelathini na mbili zimerudi vilevile. Na pilipili yote ile. Nilidhani pilipili itaua shombo, kumbe imewatoa watu kamasi tu. Fundi wa vifungo, msemaji wa mafundi cherehani wote, kasema hakuajiriwa kushona huku analia. Meneja kaniita, katoa amri. Mpishi ambaye samaki wake wataliwa wiki hii mpaka ibaki miiba, ndiye atakayeshika ufunguo wa stoo. Ufunguo huo uko shingoni mwangu mwaka wa kumi na moja. Naoga nao.

Wapishi tuko wawili. Mwingine ni shemeji yangu, dada mdogo wa mke wangu, niliyemleta mwenyewe aje kumenya vitunguu. Sina wasiwasi.

Jumanne, 4 Machi

Nina wasiwasi. Shemeji kaomba kesho apike yeye. Nimekubali, kisha nikajibanza nyuma ya magunia ya mchele nimchungulie akijaribu kipande kimoja. Kachuna ngozi. Kaondoa ile nyama nyeusi ya katikati, akisema kwa sauti kwamba shombo inakaa hapo. Kaosha kwa maji ya chumvi, kalaza kwenye maziwa nusu saa, kafuta kwa kitambaa, kakamulia ndimu, kaoka. Kisu kinamtii yule. Halafu kaniletea kipande hukohuko nyuma ya magunia, akaniambia, shemeji, onja kabla hakijapoa.

Nimekula nimefumba macho. Nimemwambia si kibaya. Uongo mkubwa kuliko wote niliosema mwaka huu.

Jumatano, 5 Machi

Sahani zimerudi tupu, zote arobaini. Fundi wa vifungo kaomba aongezwe, mtu ambaye siku za samaki alikuwa anatafuna mkate mkavu. Nilijivuna kana kwamba Shemeji nimemfundisha mimi. Kwa bahati mbaya nikamwambia Meneja hivyohivyo: maarifa yangu, mikono ya Shemeji. Meneja kasema vizuri sana, basi Ijumaa nipike peke yangu.

Mdomo huu utaniponza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemweleza Shemeji kila kitu. Hakununa hata kidogo. Kanielekeza hatua kwa hatua, kaninolea na kisu. Mwisho kasisitiza mara mbili: maziwa yakishatoka kwa samaki, mwaga, shombo yote imehamia humo. Moyo wa yule dada sijui umetengenezwa na nini. Ningekuwa mimi, ningeficha ndimu.

Ila kumwaga lita sita za maziwa mazima! Hapo, kwa heshima zote, naona hakufikiri sawasawa.

Ijumaa, 7 Machi

Mchana: ushindi. Samaki laini, hana harufu. Meneja karamba vidole, kasema ufunguo unabaki ulipo. Niliona macho yanalowa, nikasingizia vitunguu.

Saa kumi: chai ya maziwa, vikombe arobaini. Lita mbili za yale maziwa nilizichemsha vizuri nikamimina humo. Fundi wa vifungo kanywa funda moja, kakitazama kikombe, kisha kaniuliza kwa upole kama kuna mtu kaogea humo. Vikombe vyote vimerudi vimejaa. Meneja kanyoosha mkono, nikauvua ufunguo. Shingo yangu ni nyepesi, siipendi.

Shemeji kaupokea ufunguo kwa mikono miwili, kisha kamwomba Meneja nisiondolewe jikoni, maana wali wangu hauna mpinzani. Mbele ya watu wote. Nilitoka nje nikajikausha uso.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwahidi Shemeji kwamba zile lita nne zilizobaki nitazimwaga. Mtu kama yule hadanganywi, nami nilimaanisha.

Lakini nimelala nikafikiri. Kosa halikuwa maziwa, kosa lilikuwa chai. Chai haina uchachu wa kuficha jambo. Nimeyafunika vizuri, yako nyuma ya mitungi ya maji. Jumatatu yatakuwa yameganda.

Shemeji anapenda sana mtindi. Nitamwonjesha wa kwanza.