Malalamiko Dhidi ya Maswali ya Doña Fidelia

Santa Rita Chulul, Jumatano

Mheshimiwa Meya,

Pokea salamu zangu za heshima, nikitumai u mzima pamoja na familia yako. Mimi ni Eusebio Canché Poot, karani mstaafu wa posta, mkazi wa nyumba ya pili nyuma ya kanisa. Sijawahi kuisumbua ofisi yako, isipokuwa kwa ile barua ya mbwa na ile nyingine ya kengele. Leo namshtaki Doña Fidelia Uc, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa kosa la kuuliza maswali.

Jumamosi hii binti yangu Ligia anakuja kutoka Cancún na mjukuu wangu wa kwanza. Mtoto ametimiza miezi mitatu, na tutamfanyia hetzmek, abebwe kiunoni kwa mara ya kwanza kama walivyobebwa wasichana wote wa ukoo wetu. Nimewajengea chumba cha matofali ya saruji. Zimebaki kulabu mbili tu za kuning'iniza hamaka, ule wavu wa kulalia, maana hapa kwetu anayelala kitandani ni mgonjwa au mgeni. Nataka kuzifunga kwa mikono yangu. Marehemu baba alipigilia vigingi vya msapota, mti mgumu wa huku kwetu, kwenye ukuta wa mawe, na vigingi hivyo vilitulea sisi watoto tisa. Mimi ni mwanawe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Niliomba kwa adabu kulabu mbili na vile vizibo vya plastiki vya kushikia skrubu. Muuzaji wa kawaida angenifungia mzigo wangu. Yeye alishusha miwani puani akauliza: "Vya kutundika nini? Na ukuta wa nini?" Mheshimiwa, mbona muuza nyama haniulizi nitampikia nani?

2. Ili kulinda faragha yangu, nilijibu kwamba ni picha ya Bikira Maria. Akasema mbele ya foleni nzima: "Bikira gani huyo, don Eusebio, wa kulabu mbili, moja ukuta huu na nyingine ukuta ule? Unamwanika?" Walicheka wote, hata Nazario, ambaye nilimsimamia mwanawe ubatizo.

3. Kisha akatangaza siri za ukuta wangu. "Tofali hizo zina uwazi ndani, baba. Kizibo kitashika ganda la unene wa kidole, nyuma yake ni hewa tupu. Mtu akijigeuza tu, kimechomoka. Pitisha bolti ndefu mpaka nje, uibane na kibamba cha chuma na nati." Nikamkumbusha kwamba baba yangu hakutumia nati. "Baba yako alikuwa na jiwe la nusu mita. Wewe una biskuti." Hili la biskuti naomba lichunguzwe peke yake.

4. Alikataa kuniuzia. Nikalazimika kununua kwa mchuuzi wa mnadani, muungwana asiyeuliza hata jina. Niliazima mashine ya kutobolea ya Nazario, nikapanda juu ya ndoo niliyoipindua. Miwani ya kukinga macho sikuvaa, kwa sababu aliyeitaja ni Doña Fidelia. Vumbi liliingia jicho la kushoto, lakini bado ninalo la kulia. Ukuta ulinipokea vizuri mno: nilisukuma kidogo tu, mashine ikazama yote. Nililichukulia hilo kuwa ukarimu. Waya wa taa haukuwa mahali nilipoukumbuka, na kama ofisi yako bado inatafuta sababu ya mtaa wetu kukosa umeme jana, isiendelee kujisumbua.

5. Nikailalia hamaka. Ilinibeba kwa muda wa sala ya Baba Yetu, mpaka kwenye mkate wetu wa kila siku. Hapo kulabu ya upande wa kichwani ikatoka na kizibo chake na kipande cha ukuta kama sahani, nami nikafika sakafuni kwa makalio. Barua hii naiandika nimelala kifudifudi. Ni wazi kwamba maneno ya mama yule yaliufikia ukuta yakauvunja moyo.

Kwa hiyo naomba: Doña Fidelia azuiwe kuuliza lolote zaidi ya "hujambo", Jumapili baada ya misa aje auombe ukuta radhi, na baraza lipitishe azimio kwamba ukuta uliojengwa na baba mwenye mwenendo mzuri ni jiwe.

Nisalimie mkeo, mama yako, na katibu wako atakayeisoma barua hii kwanza na kucheka.

Wako mtiifu,
Eusebio Canché Poot

Tanbihi, Jumapili: Barua hii ilikuwa bado haijapata stempu. Alhamisi Doña Fidelia alikuja na dawa ya kuchua. Hakucheka, yaani, alienda kuchekea uani. Akaugonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akasema, "Sikiliza." Miaka thelathini posta, naijua sauti ya kasha tupu, nikaona haya. Alinivisha miwani, akazima umeme, akautafuta waya, akatoboa mpaka nje, akafunga bolti na vibamba pande zote mbili. Kisha akailalia hamaka mwenyewe, naye si mwepesi, akajirusharusha kama samaki. Naomba uchane kurasa zote, ila la biskuti libaki.

Jana baada ya hetzmek na chakula watu walikuwa uani, na mtoto amelala kwenye hamaka na mama yake. Mimi nilikaa sakafuni chini yao, nimeshika mto kwa mikono miwili. Doña Fidelia akachungulia mlangoni na sahani yake: "Mto wa nini, don Eusebio?"

Ningeweza kusema ni wa Bikira. Nikamwambia naogopa. Akaweka sahani chini, akaketi, akashika ncha ya pili ya mto.