Babu Aliyezaliwa Alhamisi

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeamua. Wiki hii mama mkwe atanisifu. Kwa sauti, mbele za watu, na ikiwezekana mbele ya shemeji.

Kwa atakayesoma haya nikishakufa: ninaishi na mke wangu katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake. Mwaka wa nne sasa. Nimebeba mitungi ya gesi, nimezibua sinki, nimepaka geti rangi. Sifa niliyopata ni kuambiwa geti limekauka. Shemeji, kaka yake mke wangu, anafanya kazi ya kompyuta ofisini. Huja Jumapili, hubonyeza kitu kimoja, na mama husema huyu ndiye aliyezaliwa na akili. Humwita Mtaalamu, hata mezani. Mtaalamu, ongeza chai!

Sasa nafasi imejitokeza. Mama mkwe ni karani mstaafu wa mahakama. Tangu astaafu anaandika kitabu cha ukoo wake: nani kamzaa nani, lini, wapi, kwa ushahidi wa nani. Kurasa mia mbili na kumi. Zote zimo katika kompyuta iliyozeeka pale sebuleni, ambayo ikiwashwa hunguruma kama mashine ya kusaga. Jumapili ukoo wote unakuja kusomewa. Leo kompyuta imeganda mara sita. Mama ameipiga kofi, kisha akasema atamsubiri Mtaalamu.

Hatamsubiri.

Jumanne, 5 Machi

Duka letu la magodoro limepakana na kibanda cha Fundi Redio. (Mimi ni msimamizi msaidizi. Msimamizi mwenyewe sijawahi kumwona amesimama.) Fundi Redio anasema dawa ya kompyuta iliyochoka ni kuiwekea mfumo mpya wa bure, unaotengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia wanaogawa kazi yao bila kudai chochote. Nikamuuliza hao watu wana matatizo gani. Akasema ni moyo tu. Mfumo wenyewe ni mwepesi kwa sababu hauna picha, hauna madirisha, hautaki hata kipanya. Ni skrini nyeusi na maandishi. Unauandikia amri, unatii.

Amri! Unatii! Nyumbani hakuna kinachonitii, hata bomba la bafuni.

Amenipa flashi yenye mfumo na karatasi mbili za maelekezo kwa mkono wake, mwandiko wa daktari. Jambo moja amelirudia mara tatu: kwanza toa vitu vyote vya maana, kwa sababu mfumo ukisakinishwa unafuta diski nzima. Nimemwambia mimi si mtoto.

Jumatano, 6 Machi

Mama mkwe kaenda kliniki ya macho, mke wangu kamsindikiza. Hawarudi kabla ya saa kumi. Kazini nimeomba ruhusa, nimesema naumwa mgongo. Kwa muuza magodoro ni tangazo baya, lakini ningefanyaje.

Saa nne. Kutoa vitu vya maana. Kitabu cha ukoo kipo palepale mbele ya skrini, picha ndogo ya daftari yenye kishale pembeni. Nimekinakili kwenye flashi yangu mwenyewe. Kurasa mia mbili na kumi zimeingia kwa kufumba na kufumbua! Nikaangalia ukubwa wake: kilobaiti moja. Ukoo mzima! Nimetikisa kichwa kwa mshangao. Kweli dunia imeendelea.

Saa nne na nusu. Flashi ya Fundi Redio imeingia. Skrini nyeusi, maandishi meupe yanakimbia, sielewi hata mstari mmoja. Nimejiona rubani.

Imeuliza lugha. Nimejibu. Imeuliza aina ya kibodi. Nimeitazama kibodi vizuri, ni ya kijivu. Kijivu hakikuwemo kwenye orodha, nikachagua ya kwanza. Imeuliza jina la mashine. Nimeandika USHINDI. Kisha ikanionyesha diski, ikaonya kwamba kila kilichomo kitafutwa, ikauliza kama nina hakika. Nimeipenda heshima ile. Miaka minne hakuna mtu katika nyumba hii aliyeniuliza kama nina hakika. Nimejibu ndiyo.

Saa tano. Nenosiri, na hapo mambo yakaanza kwenda kombo. Naandika, hakuna kinachoonekana! Hata nukta! Nikajua kibodi imekufa. Nikaandika "godoro" tena. Na tena. Nikaipuliza kibodi. Nikaandika kwa kidole gumba. Ikaniambia nirudie nilichoandika, kisha ikadai havilingani. Hivyo mara tatu. Mara ya nne ikakubali. Nilipompigia Fundi Redio akanieleza kwamba nenosiri huwa halionekani kwa makusudi, mashine inaona. Nimepiga hesabu: nenosiri la mama mkwe sasa ni "godoro" mara saba mfululizo.

Saa nane. Imekwisha! Imejizima, imejiwasha, haingurumi! Kimya kitupu. Skrini nyeusi na kistari kimoja kinapepesa pembeni, kinanisubiri. Mimi!

Nikachomeka flashi yenye ukoo.

Leo siandiki zaidi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata nguvu ya kuandika. Ile picha yenye kishale haikuwa kitabu. Ilikuwa alama ya kuonyesha kitabu kilipo. Fundi Redio amenieleza polepole, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba: nimebeba kibao cha mtaa, nyumba nimeibomoa. Nikamuuliza kama haiwezi kurudishwa. Akaniuliza nilijibu nini iliponiuliza kama nina hakika. Nikakata simu.

Miaka minne ya mama mkwe. Alikuwa anapanda basi kutwa nzima kwenda kumuuliza mzee mmoja tarehe moja. Nimemwona kwa macho yangu akirudi miguu imevimba. Nimekwenda mpaka mlango wa jikoni ili nimwambie ukweli. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza kompyuta yake imepatwa na nini, mbona imenyamaza. Mdomo ukajisemea wenyewe kwamba nimeitengeneza.

Ameniangalia sana. Akasema haya, tutaona Jumapili.

Haya, tutaona! Akimwambia mtu hivyo ni karibu na pongezi! Siwezi kurudi nyuma sasa. Nimemwambia mashine inatakiwa ipumzike mpaka Jumapili, nikaifunika kitambaa cha meza.

Mpango mpya: nitakiandika kitabu upya. Nimesikia habari za ukoo huu mezani miaka minne, kwa nini nishindwe?

Mchana mama alipojilaza, nikafunua kitambaa nikaanza. Majina yamekwisha ukurasa wa pili. Nikajikaza kisabuni. Ndipo nikakumbuka malalamiko yake ya siku zote, kwamba baba wa babu yake hajulikani. Kila mzee aliyemuuliza alikuna kichwa. Pengo! Hapo naweza kuingia bila kumkanyaga mtu. Nimemzaa saa tisa na robo na kumwita Babu Fundi Saa. Alitembea kwa miguu mji hadi mji, meza yake mgongoni, akitengeneza saa za watu. Alikuwa na jicho moja, la pili lilitolewa na springi. Alioa wake watatu, mmoja kwa kila mshale wa saa. Alipokufa nimetokwa na machozi kidogo.

Nikataka kufunga. Ile programu ya kuandikia haikufunga. Nimebonyeza kila kitufe. Nimeandika "toka", ikaandika toka katikati ya mazishi. Nimeandika "tafadhali". Nayo ikaingia mazishini. Nikasikia mama anakohoa chumbani, nikachomoa waya ukutani.

Babu kafa mara mbili kwa siku moja.

Ijumaa, 8 Machi

Mgongo umezidi, nimewaambia kazini. Msimamizi amenishauri nibadilishe godoro.

Fundi Redio amenifundisha kuhifadhi na kutoka. Ni vitufe vitatu tu, na hakuna mtu mwenye akili timamu angevibahatisha. Mama na mke wangu walipokwenda kununua vitu vya Jumapili, nikamfufua babu. Amerudi na nguvu mpya. Sasa ana kurasa kumi na nne peke yake, na mbwa. Jumla nimefika kurasa arobaini. Nimekuza herufi, zikawa tisini. Nimezichapisha duka la vifaa vya ofisi. Zinapendeza ukizitazama kwa mbali.

Jioni shemeji amepiga simu, mama keshamwambia nimeitengeneza mashine. Kwa sauti tamu kabisa kauliza kompyuta inaendeleaje, na je, nilihifadhi nakala kabla ya kuifuta? Nikamwambia kila kitu kiko salama. Akasema vizuri sana shemeji, kisha akacheka peke yake. Simpendi mtu anayecheka peke yake.

Jumamosi, 9 Machi

Balaa. Daktari wa macho kamkataza mama kukaza macho wiki nzima. Amesema kesho kitabu nitakisoma mimi. Amelisema hilo akipiga pasi gauni lake la bluu, lile la siku alipostaafu. Amelipiga pasi mara mbili.

Mke wangu ameniuliza nina nini. Nikasema mgongo. Akasema mgongo wangu haujawahi kutoka jasho.

Jumapili, 10 Machi

Watu ishirini na saba, viti kumi na tisa. Mama mkwe mbele, gauni la bluu, mikono magotini. Mtaalamu kakaa karibu na mlango na mkoba wake, anatabasamu.

Nimesoma. Kurasa mbili za kwanza zilipita salama. Ya tatu mama akainua kichwa. Ya nne akakunja uso. Ya tano nikamleta Babu Fundi Saa. Nilikuwa nasoma haraka nimalize, roho juu juu, mara Mjomba Mkubwa akaamka. Ni kaka yake mama, ana miaka themanini na mbili, na alikuwa amesinzia tangu salamu. Akanyoosha fimbo, akasema anamkumbuka.

Anamkumbuka! Kwa mujibu wa ukurasa wangu wa kumi, Fundi Saa alifariki miaka thelathini kabla mjomba hajazaliwa. Haikumzuia. Akaeleza lile jicho. Akaeleza babu alivyokuwa anacheka, akaangua kicheko chenyewe ili tumsikie. Mbwa akamtaja jina, mimi sikuwa nimempa jina. Kisha akalia kabisa, na nusu ya sebule ikalia naye.

Mama Mdogo, mdogo wake mama mkwe, akasema sasa ameelewa kwa nini mwanawe hajawahi kuchelewa popote. Mwingine akasema pua zao zote zimetoka kwake. Halafu likazuka suala la wake watatu. Nani ni wa tumbo la mshale mkubwa? Viti vikaanza kuhamishwa. Katika dakika kumi sebule ilikuwa na kambi tatu, na watu wa mshale wa sekunde walikuwa wanalalamika kwamba wamedharauliwa tangu enzi hizo.

Ndipo Mtaalamu akasimama. Akafungua mkoba, akatoa kitabu kilichojalidiwa. Kurasa mia mbili na kumi. Akasema mama alikuwa anamtumia nakala kila Ijumaa, na hii ndiyo kazi yake halisi, kile kilichosomwa hajui kimetoka wapi. Akanitazama. Mke wangu akaziba uso kwa viganja. Maji yalinifika shingoni.

Mjomba Mkubwa akakichukua kitabu, akakifunua taratibu, kidole kikashuka, kikasimama. Akauliza Fundi Saa yuko wapi. Mama mkwe akasema hajulikani, ndivyo alivyoandika, kwa sababu hakupata ushahidi. Mjomba akamuuliza, sauti ikimtetemeka, kwa nini amemfuta babu yao.

Ikapigwa kura. Kitabu changu ishirini na nne. Kitabu cha mama watatu: mama mwenyewe, mke wangu, Mtaalamu. Mimi sikupiga, kwa kuwa nimeoa tu. Nilihesabu mikono.

Walipoondoka nikamfuata mama jikoni. Alikuwa anaosha vikombe na hakugeuka. Alisema kitabu chake kina watu waliokufa kweli. Akasuuza kikombe kingine. Kisha akasema miaka minne alimtafuta mtu yule na alishakubali kwamba hatampata, na leo kaka yake amemwigizia kicheko chake. Akageuka, macho mekundu. Akasema hajui anifukuze au anishukuru, na nisimguse yeye wala mashine mpaka aamue.

Nimefuta vikombe vyote ishirini na saba. Nimejisikia vibaya mno. Kwa karibu nusu saa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeyapima maneno ya jana kwa makini. Neno kunishukuru limetajwa. Limetajwa na mama mkwe, kwa mdomo wake, jikoni. Linahesabika.

Asubuhi nimemkuta sebuleni na kitabu chake kilichojalidiwa. Alikuwa ukurasa ule wa pengo, kalamu mkononi, hajaandika kitu. Nilitaka kumwambia kwamba nikipewa siku mbili naweza kumpatia ushahidi. Mke wangu akanivuta shati.

Mchana Mama Mdogo kapiga simu. Wakwe zake wamesikia habari, wanataka nao kitabu. Wanayo kompyuta, kila kitu chao kimo humo: picha za harusi, vyeti vya watoto, barua za marehemu mama yao. Tatizo ni kwamba ni nzito, inaganda. Nimemwambia waniletee kesho dukani, nitaanza kwa kuisafisha yote.

Baba wa babu yao nimeshampa farasi.