Masikio ya Bwanaheri na Mtungi wa Mkewe

Kibiti nzima hakukuwa na masikio kama ya Bwanaheri. Nani kasema? Yeye mwenyewe! Alidai ngoma ikipigwa Chumbi, yeye barazani kwake aweza kukwambia ngozi ni ya mbuzi jike au ya beberu.

Basi miaka ile ya ruksa, vitu vilipofurika madukani, akauza mpunga wa mwaka jana akaenda Kariakoo kuchagua spika za sebuleni. Deki ya kaseti alikuwa nayo, na betri ya gari ya kuiendesha. Ila sauti ilitokea kwenye spika moja kuukuu ya mkewe, Mwanamkuu, iliyolazwa kifudifudi juu ya mdomo wa mtungi ili ipate besi. Mtungi huo ulimnyima Bwanaheri usingizi kwa aibu.

"Chumba kina ukubwa gani, mzee?" muuzaji akamuuliza.

"Cha kiasi. Mikeka mitatu."

Muuzaji akakohoa. "Basi achana na haya maspika makubwa, yatakutoa nje. Chukua hizi ndogo, za kuweka rafuni kwenye vitabu."

Bwanaheri akaanza kuzigonga moja moja kwa kidole, kama anayechagua tikiti maji. Nyingine akazinusa! Mwishowe akashika mbili zenye nembo inayong'aa.

"Hizi ndizo. Sauti yake imetulia."

"Mzee, hatujaziwasha bado."

"Wewe funga tu!"

Nyumbani akapigilia rafu ukutani. Vitabu vyake vilikuwa viwili, kimoja cha elimu ya watu wazima na kingine cha kilimo bora cha pamba. Akaweka kimoja kila upande, sauti isije ikapinda.

Mwanamkuu akaingia kutoka shamba, hoi, koo limemkauka. "Baba Iman, ndege wanamaliza mpunga kule Mahege nawe unapigilia mbao? Lini utapanda dunguni ukaamie, uwafukuze?"

"Mama Iman, masikio haya hayakuumbwa kusikiliza ndege. Ondoa mtungi wako hapa!"

"Hauondoki! Walia vizuri kuliko hivyo vijisanduku vyako."

"Ati nini? Nifunge macho! Nikishindwa kuzitambua spika zangu, naamia mimi mpaka mavuno!"

Lahaula! Akayasema hayo mbele ya Khalidi, jirani yao, mtu asiyejua kufunga mdomo. Kurudi nyuma hakuna.

Mwanamkuu akamfunga macho kwa kanga. Khalidi akashika nyaya, kaseti ya taarabu ikawekwa.

Sauti ya kwanza ikatoka. Bwanaheri akakunja uso. "Aka! Inalia puani, ina mafua. Mtungi huo, nimeujua!"

Khalidi akahamisha nyaya. Sauti ya pili ikatoka nene, imeshiba, mpaka mkeka ukamtetemeka chini ya makalio. Machozi yakamlenga.

"Enhee! Sikieni besi hiyo, jamani! Hiyo ndiyo sauti ya ng'ambo! Huo ni utaalamu, si ufinyanzi!"

Akamsikia Khalidi akianguka sakafuni kwa kicheko. Akaivuta kanga mwenyewe. Mbele yake, karibu kabisa na pua, ulikuwapo mtungi, na besi inatoka humo.

"Masikio yamechoka na safari," akanong'ona.

"Basi yakapumzike Mahege," Mwanamkuu akasema, akamkabidhi teo la kurushia mawe.

Kesho yake jua linachomoza, Bwanaheri yuko juu ya dungu katikati ya mpunga, anapiga kelele, "Haaa! Tokaaa! Swaaa!" Kufika saa tatu sauti imebaki nyembamba, inatokea puani. Akajisikiliza, akashindwa kujizuia, akajicheka. Sauti hii aliisikia jana! Ni ile ya spika zake.

Ng'ambo ya shamba, Mwanamkuu akainuka na jembe lake akapaza sauti, wakulima wote wasikie:

"Bwana Spika! Ongeza besi! Ndege wa huku hawakusikii!"