Rambirambi kwa Kayaki

Umma unaarifiwa, kwa heshima zote, kwamba yaliyotokea Isiolo Jumanne iliyopita hayakuwa aibu. Yalikuwa ushindi wa utaratibu, na utaratibu wenyewe ni mimi.

Naitwa Gikunda. Ni Mkuu wa Kitengo cha Mizigo Mirefu, na pia Mkuu wa Kitengo cha Maombolezo. Vitengo hivi viliunganishwa ili kubana matumizi, wakubwa walipogundua kwamba vyote hutumia kitambaa chekundu: mzigo ukitokeza nyuma ya gari hufungwa chekundu, na gari la maiti hufungwa chekundu. Kuna watu walicheka. Mimi nilipewa meza moja na viti viwili, na sijawahi kukosea kiti.

Asubuhi hiyo nilikuwa kiti cha mizigo, kando ya kizuizi cha barabara, Ruweida alipofika. Ruweida huuza maziwa ya ngamia sokoni. Alikuwa anatoka Nanyuki na gari alilouziwa na watalii, lile lenye kitanda, jiko na friji ndani, ambalo hata sisi wa serikali tunaliita kempavan. Juu ya paa kulikuwa na kitu kirefu, kimelala kifudifudi juu ya vipande vya godoro, kimekazwa kamba mbele na nyuma, na kufunikwa shuka jeupe gubigubi.

"Habari, mama. Hii umebeba ni nini?"

"Salama, mkubwa. Ni kayaki. Mtumbwi ya plastiki. Jua ikiipiga itapinda, ndio nimeifunika."

"Mtumbwi, Isiolo? Maji iko wapi?"

"Iko njiani, inakuja." Alinyoosha kidole kwenye wingu jeusi juu ya milima ya Nyambene. "Laga ikijaa, mama yangu Hawo anabaki ng'ambo na maziwa. Mara ya mwisho iliharibika yote, tukamwagia mbwa. Nikiwahi leo nitaiokoa."

Laga ni ule mkondo mkavu wa njia ya Merti ambao mvua ikinyesha hugeuka mto. Mheshimiwa wetu aliahidi daraja hapo, na hata alikuja kulizindua. Lilizinduliwa vizuri sana. Kujengwa ndiko hakukufanyika.

Nilipima mzigo. Mkia ulitokeza. Nikafunga kitambaa chekundu, nikamruhusu aende, kisha nikahamia kiti cha pili.

Hata sijakaa sawasawa, simu zikaanza. Sokoni, wauza miraa waliona kitambaa chekundu wakavua kofia. Wenye maduka waliona shuka jeupe, wakasema innalillahi na kuteremsha milango nusu. Vijana wa bodaboda, wakiongozwa na Diba, hawakuuliza kitu. Waliwasha taa, wakajipanga nyuma ya kempavan na kupiga honi. Kila aliyenipigia alitaka kujua nani amekufa.

Wapenda lawama watasema nilijua. Mkuu wa Mizigo ndiye aliyejua. Mkuu wa Maombolezo hakuwa amepokea taarifa yoyote kutoka kwake, na serikali haikisii. Nikampigia Mheshimiwa.

Mheshimiwa vikaoni hukosa, mazishini hakosi. Hema na spika husafiri naye daima. Tuliukuta msafara mtaa wa Kiwanjani, ukasimamishwa, hema likasimikwa, watu wakajaa.

"Mheshimiwa, hii si—" Ruweida alianza.

"Pole sana, dada. Familia itapewa nafasi mwishoni."

Akashika maiki, mkono mwingine akauweka kwenye lile shuka.

"Marehemu alikuwa rafiki yangu wa karibu. Alitaka kutuunganisha, watu wa upande huu na wa upande ule. Mimi ndiye nilikuwa naye siku ya kwanza kabisa. Ameondoka mapema mno. Nasema hapa mbele ya Mungu na mbele ya wapiga kura: sitabanduka mpaka nimfikishe mwisho wa safari."

Watu walilia. Mimi kulia ni kazi yangu, lakini siku hiyo nililia kwa hiari. Hatimaye familia ikapewa nafasi. Ruweida alilitazama wingu, akashika maiki.

"Asanteni. Hapa hakuna maiti. Hii ni mtumbwi."

Diba akauliza kutoka juu ya pikipiki yake, "Sasa ni nani Mheshimiwa amelilia hivyo?"

"Daraja ya laga," Ruweida alisema. "Si mmesikia vile ameieleza? Hii hapa juu ndio mrithi."

Hakuna aliyecheka. Kicheko kingemwokoa Mheshimiwa. Watu walitikisa vichwa kwa huzuni, wakaja kumpa mkono mmoja mmoja: pole, Mheshimiwa, pole sana. Alipogeukia gari lake, bodaboda zilikuwa zimelizunguka, zikingoja kwa adabu kumsindikiza. Tukaenda.

Laga ilikuwa imeshajaa, maji ya kahawia, usawa wa kifua. Ng'ambo alisimama Hawo na mitungi yake, na nyuma yake umati. Vijana waliteremsha kayaki. Ilikuwa na viti viwili.

"Wafiwa wenyewe wako ng'ambo, Mheshimiwa," Ruweida alisema. "Hao hawajawahi kupewa pole."

Mheshimiwa alitazama maji, akatazama umati. Hajawahi kuona umati akaupita. Akakunja suruali ya suti na kuketi mbele, Ruweida akapiga kasia. Wakavuka salama. Alisalimia wote, akashika watoto vichwa, akageuka aondoke. Mitungi ya maziwa ilikuwa imekalia kiti chake.

"Na mimi?"

"Maziwa haingoji, Mheshimiwa."

Ruweida alirudi upande wetu, akapanga mitungi kwenye friji na kuwahi soko. Nilifurahi, nasema wazi, na sijui furaha hiyo ilikuwa ya kitengo gani.

Simu yangu ikalia. Ng'ambo nilimwona Hawo akimletea Mheshimiwa kigoda.

"Gikunda," Mheshimiwa alisema, "hili daraja litaanza lini?"

Nilisimama wima, nikamjibu kama alivyotufundisha mwenyewe kuwajibu wananchi.

"Liko kwenye mipango, Mheshimiwa. Tunawaomba muwe na subira."