Safari ya Pawabanki Kumi na Nane

Jumatatu, 2 Juni 2025

Bwera. Tiketi zimefika. Mbili. Moja yangu, moja ya Nobert. Kwa nini Nobert? Baba wa bibi harusi ni mimi. Nobert ni kaka wa mama yake tu, mwalimu wa Kasese anayebeba kalamu tatu mfukoni na kuandikia moja. Ronah anasema mjomba alimlipia ada miaka miwili ya mwisho. Sawa, alilipa. Na ile kumi na moja ya kwanza ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kibanda hiki hiki cha kuchajia simu.

Viza ya Eseri, mke wangu, haitatoka kabla ya harusi. Amepokea habari kimya kimya. Hilo nalo limeniudhi. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika pamoja naye.

Harusi ni Jumamosi tarehe 14, Toronto, Kanada. Kazi yangu ni moja: kumshika binti yangu mkono, kuingia naye kanisani, kumkabidhi. Nisipofika, Nobert atasimama mahali pangu. Katika ukoo wetu ndivyo ilivyo, baba asipokuwepo mjomba husimama. Nobert amepiga simu kunikumbusha jambo hilo bila kuulizwa. Ati ni kwa usalama tu. Usalama wa nani?

Tiketi amelipa bwana harusi. Sijawahi kusafirishwa na mkwe kama gunia la kahawa. Lazima nifike na kitu cha jasho langu.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata wazo! Safari nzima ni saa ishirini na mbili, ndege mbili. Kila ndege watu mia tatu, kila mtu na simu yake. Hapa Bwera umeme ukikatika saa nne tu, watu wananijia mbio kama nimetangaza sukari ya bure. Sasa saa ishirini na mbili angani, hakuna nguzo, hakuna sola. Nani atawachajia?

Nitabeba pawabanki zangu kumi na nane, zile betri za mkononi za kuchajia simu ninazowakodisha watu wa boda na wanawake wa sokoni. Nitapita katikati ya viti kwa adabu. Nikitua Toronto nitamnunulia bwana harusi saa nzuri ya mkononi. Kila akiitazama ajue baba mkwe si mzigo.

Nimebandika stika mpya kwenye kila moja: MUMBERE CHAJI BWERA, na namba yangu ya simu. Huko angani hawanijui. Wasije wakashuka nazo.

Ijumaa, 6 Juni

Nobert amekuja kutoka Kasese na karatasi. Ameipiga laminesheni, plastiki ngumu juu na chini! Masharti ya safari. Ameisoma kwa sauti ya darasani mbele ya wateja wangu. Pawabanki haziingii kwenye begi kubwa linalokwenda tumboni mwa ndege. Betri za namna hiyo zikiharibika huwaka moto, na huko chini hakuna mtu wa kuzima. Zinakaa kwenye begi la mkononi. Ncha zifunikwe kwa utepe zisigusane. Isizidi wati-saa mia moja kila moja. Mbili zinamtosha mtu, alisema, huku anazikodolea macho zangu kumi na nane kwenye rafu. Tena kuna mashirika ya ndege hayataki hata uzitumie mkiwa hewani. Hapo niliacha kusikiliza.

Nimeshika betri tangu enzi za betri za gari. Leo mtu wa chaki anifundishe betri. Wateja wakaitikia kwa vichwa kana kwamba wamemsikia askofu. Nilitamani kuila ile laminesheni.

Aliniuliza nitabeba ngapi. Nilisema mbili. Sikudanganya. Kwenye begi langu, mbili.

Hizo nyingine nitazipitisha kwa njia yetu. Aliyekulia karibu na mpaka anaijua. Gunia zima halivuki Mpondwe, pale mpakani mwa Uganda na Kongo. Unaligawa. Mama huyu kilo mbili, mama yule kilo mbili, kila mmoja na chake kidogo cha nyumbani, halafu mnakutana ng'ambo. Hakuna afande anayehangaika na kilo mbili. Basi ndege nayo ni mpaka. Mbili kwangu, kumi na sita kwa abiria wenzangu. Tatizo ni moja. Katika ndege nzima namjua abiria mmoja.

Jumatatu, 9 Juni

Hajati Rehemah, muuza vitenge jirani yangu, alipanda ndege kwenda hija mwaka juzi. Amenipa ushauri wa bure bila laminesheni. Nguo pana. Soksi za kubana mpaka magotini, la sivyo miguu itavimba. Viatu vivuliwe. Maji kidogo kidogo. Kila saa uinuke utembee. Nimemheshimu sana.

Nikaamua kufanya mazoezi ya kukaa. Kiti cha plastiki kibandani, soksi za mpira wa miguu, mto wa shingo alioushona Eseri kwa kitenge na kuujaza sufi. Nilikaa saa mbili asubuhi, nia yangu kumaliza saa mbili usiku. Saa tatu shingo ilianza kuwasha. Saa nne vijana wa boda wamekwisha jaa mlangoni. Mmoja akauliza: “Mzee iko anaruka tayari, ao iko anangoja upepo?” Wakacheka mpaka wakashikana. Hawa ndio ninaowachajia simu!

Saa tano mguu wa kushoto ulikufa ganzi. Nikainuka nitembee, nikaangukia meza ya wateja. Kioo cha simu moja kimepasuka. Hajati alikuja kuniinua, akasema taratibu: “Mzee, kutembea unaanza mapema, haungoji muguu ikufe kwanza.” Heshima yangu kwake imepungua.

Jumatano, 11 Juni

Jana nililala Kasese kwa Nobert ili tupande basi la asubuhi pamoja. Alipoingia kuoga nilifungua begi lake kubwa. Nguo zimekunjwa kama madaftari ya mtihani. Nilizifunga pawabanki kumi na sita ndani ya mashati, mbili mbili, nyingine ndani ya viatu. Angani nitaanza na mbili zangu; hizi nitazikodisha Toronto kwa wageni wa harusi. Ncha sikufunika. Utepe ulikuwa mfukoni mwake yeye.

Nafasi haikutosha, ikabidi nitoe kitu. Nilitoa mto wake wa shingo, mpya, wa dukani. Nimeuweka kwenye begi langu. Wangu unawasha.

Ndani ya basi alilalamika kwamba begi limeongezeka uzito. Akasema ni mke wake, hupenda kumjazia vitu. Nilikubali kwamba wanawake wengi wana tabia hiyo.

Alhamisi, 12 Juni

Entebbe. Naandika nikiwa kwenye benchi la ofisi ya usalama, uwanja wa ndege. 

Mabegi makubwa tuliyatoa vizuri. Mbili zangu za mkononi walizitazama, wakazirudisha. Tukaketi kungoja kuitwa. Nilivua viatu, nikapandisha soksi, nikavaa mto. Nobert aliutazama mto kwa muda mrefu. Nikafumba macho.

Kipaza sauti kikaita jina lake. Akaja afande mmoja wa kike, akamchukua, akaniuliza kama tuko pamoja. Nilisema tunatoka wilaya moja.

Ndivyo nilivyosema. Shemeji yangu, niliyelala kwake juzi na kula ugali wake. Nilisema tunatoka wilaya moja.

Nikawaona nyuma ya kioo. Mashati mezani. Pawabanki zangu zimepangwa mstari. Nobert anatikisa kichwa, anaapa hazijui. Kisha akatoa ile laminesheni, akawa anawaonyesha maafande kwa kidole, sharti kwa sharti, kwamba yeye mwenyewe ndiye anayefundisha watu wasifanye hivyo. Yule wa kike akachukua moja, akaigeuza, akasoma stika. Akatoa simu yake.

Simu yangu ikalia mfukoni. Nimeweka mlio wa kwaya, tena ile sehemu ya ngoma. Nikaiacha ilie. Watu wote wakanigeukia. Afande akatoka na simu sikioni, akaja mpaka mbele yangu.

“Wewe mzee wa soksi. Simu inalia. Pokea.”

Nikapokea. Tulikuwa hatua tatu tu. Nikasema halo.

Nimewaeleza kila kitu: Mpondwe, mama wa kilo mbili, kugawa mzigo. Nilidhani watu wa mipaka wataelewana. Yule mkubwa wao aliacha kuandika, akamwita mwenzake ili nieleze tena tangu mwanzo. Wakaleta na wa tatu. Saa zinakwenda! Wakamwachia Nobert. Mimi wakasema bado, kwa sababu nilificha na kisha nikamkana.

Nobert hakuondoka. Alisimama pale mlangoni akiwaomba waniachie, akasema mimi ni baba wa bibi harusi, akasema atanidhamini. Akaomba mpaka wakamwambia achague, apande au abaki. Akanitazama.

Nilimwambia aende. Nilimfokea, sijui kwa nini. “Enda! Na umushike mukono kwa nguvu, anaogopaka watu wengi.”

Akaenda. Nafasi nyingine kwenye ndege ni Jumapili. Harusi ni Jumamosi.

Jumamosi, 14 Juni

Nyumbani. Watu thelathini sebuleni mwangu kutazama harusi kwenye simu moja. Hakuna aliyeuliza kwa nini niko hapa, na kule kutouliza kulinichoma kuliko swali.

Ronah aliingia. Nyeupe tupu. Nobert kamshika mkono, kamshika kweli kweli, mpaka vidole vinaonekana vimekaza. Mtoto wangu alikuwa anatetemeka mabega. Ningekuwa mimi ningemwambia neno la kumchekesha. Nilikuwa nimeliandaa tangu Aprili.

Kisha Nobert akapewa nafasi ya kusema. Nikajiandaa kuaibika mbele ya Kanada nzima. Alisema nini? Alisema baba yake Ronah alifika mpaka Entebbe, amevaa tayari, presha ikapanda, madaktari wakamkataza kuruka. Presha! Mimi sijaumwa hata mafua tangu mwaka 2011! Kanisa zima likasikitika. Kisha akasimulia jinsi nilivyofunga kibanda wiki ya mtihani wa darasa la saba, nikampeleka Ronah kwa baiskeli mpaka shule ya Kinyamaseke kila asubuhi, na kumngoja chini ya dirisha ili akiinua kichwa anione. Ni kweli yote. Sikujua kwamba Nobert anayajua.

Ronah alikuja kwenye simu na shela lake, macho mekundu. Akaniuliza: “Baba, pole. Presha iko namna gani?”

Nilisema imeshuka. Eseri alikuwa ubavuni mwangu. Eseri anajua kila kitu. 

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia. Naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa chakula. Nimekosa kumshika mkono binti yangu, siku moja tu ambayo haina ya pili, na kosa lote ni la Nobert. Angefunga begi lake kwa kufuli kama watu wengine, ningekuwa Toronto sasa hivi.

Jumanne, 17 Juni

Nobert amenitumia picha. Kiti cha ndege. Chini ya kioo cha filamu cha kila kiti kuna tundu la kuchajia simu. Kila kiti! Hakuandika neno. Angeandika ningemjibu.

Habari nyingine. Viza ya Eseri imetoka. Ronah ametuma tiketi ya Agosti. Moja, ya mama yake. Anasema baba apumzike, safari ndefu si nzuri kwa mtu wa presha, labda mwakani, labda mwaka unaofuata, mpaka madaktari waridhike. Nilifungua mdomo niseme sina presha. Kisha nikafikiria swali litakalofuata. Nikafunga mdomo. Nobert amenifunga kwa wema wake, na wema hauna pa kukata rufaa. Hajati Rehemah amesikia, ameniletea majani ya kuchemsha. Nayanywa asubuhi na jioni. Machungu kabisa.

Pawabanki zile kumi na sita walinirudishia zote kwenye mfuko wa plastiki. Zinafanya kazi. Lile tundu la kwenye kiti ni moja tu, na siku hizi watu wana simu mbili mbili.

Nimekaa nikalifikiria jambo hili kwa uaminifu, bila hasira. Kosa langu lilikuwa moja: nilimpa mzigo mtu anayependa kusoma masharti. Eseri hufunga begi lake akiwa anaimba, wala hatazami chini. Leo alipokwenda sokoni nimelipima, kule karibu na magurudumu. Zinaingia ishirini na mbili.