Chura Laivu, Bila Kiingilio

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Dkt. Luqmani, mtafiti wa vyura, amefika kwenye makumbusho yetu hapa Morogoro mjini. Anataka tushirikiane kupeleka sayansi vijijini, tukianzia Matombo Jumamosi. Baada ya hapo atachagua mratibu: mimi au Shadia, anayetembeza wageni. Shadia kashauri twende kwanza tukawaulize wanakijiji wanataka kujua nini. Kuwauliza! Wangekuwa wanajua, sisi tungekwenda kufanya nini? Nimejitwalia matangazo. Mratibu ni mimi, bado kutajwa tu.

Jumatano, 11 Septemba
Nimerekodi kwa sauti yangu. Bodaboda imeondoka na spika: "Jumamosi, uwanja wa kanisa, chura laivu! Chura mkubwa, chura mdogo, wote hadharani, bila kiingilio." Shadia kasikia, chai ikampalia. Akaniuliza kama najua kwamba vijana wakisema chura wanamaanisha makalio ya mwanamke anayecheza muziki. Nikamjibu nimesoma baiolojia mpaka kidato cha sita na chura ni amfibia. Akasema, "Haya, kaka Wilfred." Wivu.

Jumamosi, 14 Septemba
Umati wa ajabu. Vijana wamejaa hadi kwenye migomba, simu juu, tayari kurekodi. Dkt. Luqmani akafunua kisanduku cha kioo. Chura wa kijani, mdogo kuliko dole gumba. Kijana wa mbele akaniuliza chura mwenyewe anapanda jukwaani saa ngapi. Nikamwonyesha.
"Mjomba, huyu? Mbona hata kiuno hana?"
Kina mama wakaanza kuondoa watoto. Paroko akaja mbio, kaambiwa kuna wacheza uchi uwanjani kwake. Nikamsalimu Tumsifu Yesu Kristu mara mbili. Akaniuliza wako wapi.
Shadia akapanda kwenye benchi. Akaeleza kwamba wanaolia ni madume, wanakesha wakiita, na jike humfuata mwenye sauti nzuri. Akamgeukia yule kijana: "Kwa sauti hiyo, mdogo wangu, ungezeeka kapera." Watu hoi kwa kicheko. Wakabaki wakiuliza maswali hadi jioni, Paroko akiwamo. Maswali ambayo mimi ningeyajibu vizuri zaidi.

Jumapili, 15 Septemba
Dkt. Luqmani kapiga simu. Mratibu ni Shadia. Mimi msaidizi wake. Nikamkumbusha kwamba umati ule niliuleta mimi. Akakubali, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Jumanne, 17 Septemba
Mada inayofuata: popo wanavyochavusha miti. Kijiji: Kinole. Shadia kaagiza nisitangaze chochote mpaka akae na wanakijiji, eti wapo wanaoamini kuna jini popo anayeingilia watu vitandani usiku. Urasimu mtupu. Safari hii nimechagua maneno yasiyo na maana ya pili, na bodaboda imeshapanda mlima nayo: "Popo anakuja kwenu Ijumaa usiku. Atapita nyumba kwa nyumba. Akina baba na akina mama, msifunge madirisha."