Mlima Unaofuka Moshi kwa Ratiba

Jumatatu, 3 Juni

Balaa. Mkurugenzi ameniita ofisini kwake asubuhi, akafunga mlango, akanipongeza. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kipeperushi changu cha "Siku Nne za Mito, Milima na Volkano" kimevuta wateja kumi na mmoja. Ameamua niandamane nao, kwa kuwa ni wazi naijua njia ile kama kiganja cha mkono wangu. Wakilalamika, nisijisumbue kurudi kazini.

Sijawahi kufika huko! Sijawahi kupanda hata ngazi za jengo letu, lifti ikiwa nzima. Kile kipeperushi nilikiandika kwenye kiti hikihiki, kwa msaada wa picha za kalenda ya zamani.

Nyumbani nimekuta makubwa zaidi. Mama mkwe amejiandikisha. Eti amesoma kwamba kuna chemchemi ya maji moto inayoponya magoti. Ukurasa wa nne ulikuwa na nafasi tupu, ningefanyaje? Mke wangu amesema mama yake akirudi analia, nitafute pa kulala. Hakutabasamu.

Jumanne, 4 Juni

Kiongozi wa msafara ni mwanamke mfupi ambaye wapagazi wanamwita Kamanda. Amezunguka milima hii miaka kumi na tisa. Nimemchukia papo hapo. Aliuliza kama mimi ndiye yule wa ofisini. Nikamjibu kwamba mimi ni mtaalamu wa njia. Akaniangalia viatu.

Halafu mto. Kipeperushi kinasema: "kijito kipole, maji hayavuki kifundo cha mguu." Kilichokuwa mbele yetu kilikuwa kinanguruma. Mmoja wa wateja, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye nakala yake yote ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu, alisoma aya hiyo kwa sauti ya darasani, kisha akauliza ni nani aliyeandika.

Nikasema ni marehemu.

Mama mkwe akaomba tusimame kimya kidogo kwa heshima yake. Tukasimama. Nilikaribia kutokwa machozi.

Kamanda alianza kufunga kamba ya kuvukia. Nikaona hapa napokonywa uongozi mchana kweupe. Nikatangaza kwamba kamba ni za waoga, nikaingia majini. Hatua ya kwanza, kifundo. Hatua ya pili, kidevu. Ya tatu siikumbuki. Kamanda alinidaka kwa mkanda wa suruali, mkono wake wa pili bado umeshika kamba. Kiatu cha kushoto kimekwenda na maji. Natembea na ndala ya mpishi.

Jumatano, 5 Juni

Njia panda. Kamanda akasema kulia. Nikasema kushoto, ziliko ngazi za mawe zilizochongwa na watu wa kale. Mwalimu akaniunga mkono. Ngazi zina alama ya nyota kwenye nakala yake. Kamanda akashusha pumzi, akasema haya, siku bado ndefu, twendeni tukazione.

Saa tatu za matope na upupu. Tukatokea kambi ileile tuliyoamkia! Mpishi, aliyekuwa bado anasugua sufuria, akauliza tumesahau nini.

Mama mkwe aliketi juu ya jiwe akijikanda magoti. Akaniita kwa upole, akaniambia, "Mwanangu, kesho nyamaza."

Nitanyamazaje? Kesho ndiyo volkano.

Alhamisi, 6 Juni



Kipeperushi: "Mlima hufuka moshi kila siku saa kumi alasiri." Tulifika ukingoni saa tisa na nusu. Shimo kubwa, mawe meusi, kimya. Nilimvuta Kamanda pembeni nikamuuliza mlima huu hufuka lini. Akasema mara ya mwisho bibi yake alikuwa msichana. Mwalimu alikuwa ameshafungua kiti chake cha kukunja, macho kwenye saa.

Nikapata wazo. Nikaaga kwamba naenda haja, nikazunguka nyuma ya miamba, nikakusanya nyasi kavu na mbichi, nikawasha. Saa kumi kasoro dakika moja! Moshi mweupe, mzito, wa kupendeza. Nikasikia watu wakishangilia. Nikaongeza nyasi, nikapepea kwa kofia. Furaha ile sijaipata tangu siku ya harusi yangu.

Mara filimbi ya Kamanda. Ndefu, mara tatu. Shangwe ikageuka mayowe, mayowe yakageuka vishindo vya miguu, kisha kimya. Nikadhani wamepigwa na butwaa. Nikaongeza nyasi.

Kumbe wanateremka mbio, wameacha mabegi, wameacha kiti, wameacha kila kitu. Kule chini Kamanda akahesabu watu. Amepungua mmoja. Akawaachia wapagazi wale waliobaki, akapanda tena, peke yake, kuelekea mlima alioamini unalipuka. Kunitafuta mimi.

Alinikuta nimechuchumaa, napepea. Amejifunga kitambaa chenye maji puani, viganja vinavuja damu kwa kushika mawe. Tukatazamana. Nikasema ni moto mdogo tu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliukanyaga moto mpaka ukazimika, akaketi chini, akaanza kulia.

"Nina watoto wawili," akasema. "Nimepanda huku nikiwaaga moyoni."

Nilimwomba radhi. Nadhani ni mara ya kwanza.

Ijumaa, 7 Juni

Jana jioni Kamanda aliwaambia wenzetu tu kwamba mlima umetulia. Mengine, akasema, nitayasema mwenyewe asubuhi.

Asubuhi nilikuwa na hadithi safi kuhusu wachoma mkaa. Nilifika tu kwenye gunia la kwanza la mkaa. Mama mkwe akasogea, akaninusa shati, akauliza, "Na yule marehemu tuliyesimama kimya kwa ajili yake, naye ni wewe?"

Nikakiri. Mto, ngazi, moshi, na ile chemchemi ya magoti, ambayo haipo. Mwalimu akanipa kalamu nyekundu, akanisimamia nikasahihisha nakala yake ukurasa kwa ukurasa. Nimepata alama tatu kwa mia, zote za mwandiko.

Mama mkwe hakulia. Amesema magoti yanamuuma kuliko siku aliyoondoka, lakini jana alikimbia. Alimpita Mwalimu, akampita na mpagazi mmoja! Hajakimbia hivyo tangu amzae mke wangu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akakata kicheko ghafla na kuniamuru nibebe mzigo wa Kamanda hadi barabarani.

Nimeubeba. Ndani mna dawa, kamba, na maji ya akiba ya watu wote. Bega langu limevimba. Kamanda alitembea nyuma yangu, akinionyesha kwa fimbo pa kukanyaga.

Nimeapa mbele ya wote: sitaandika tena nisichokiona kwa macho yangu.

Jumatatu, 10 Juni

Nilijua nafukuzwa. Nilikuwa nimeshatia vitu vyangu kwenye boksi.

Mkurugenzi alikuwa ametandaza barua mezani. Wateja wote wamesifu. Sifa za Kamanda peke yake zimejaza kurasa mbili. Wanaomba safari nyingine, ya mapangoni, mradi awaongoze yeye, na jina la kwanza kwenye orodha ni la mama mkwe. Kuhusu mimi Mwalimu ameandika sentensi moja, ambayo mkurugenzi amekataa kunisomea. Badala yake ameniuliza kama mapango nayajua.

Nikasema nimekulia humo.

Nimempigia Kamanda simu. Ameniambia niende Jumamosi, atanipitisha pango lote, mwanzo hadi mwisho, nione mwenyewe kabla sijashika kalamu. Nimekubali. Kwa moyo mmoja nimekubali! Lakini Jumamosi ni mbali, mpiga chapa anataka maandishi leo saa nane, na nje mvua inanyesha.

Ukurasa wa kwanza umekamilika. Pango lina hewa safi, sakafu tambarare, na mwanga wa kutosha hadi ndani kabisa.

Nimeongeza viti.